Jinsi nilivyoongeza neno "aina" bila kuvunja programu za zamani
Tulipoingiza klasi (kiolezo cha kuundia vitu vinavyofanana), inayoanzishwa kwa neno `aina`, kwenye lugha yetu ya programu ya kukokotoa nauli za matatu hapa Nairobi, programu za zamani zenye `aina = "basi"` ziligoma kusomeka. Kubadilisha majina faili kwa faili hakukufaa, na kuongeza alama ya kutofautisha, `@aina`, kulichukiza macho.

Kilichofaa: msomaji wa tokeni (sehemu inayokata programu kuwa vipande vidogo, yaani tokeni) aiache `aina` iwe jina la kawaida. Kichanganuzi (sehemu inayounganisha tokeni kuwa sentensi), mwanzoni mwa sentensi tu, kichungulie tokeni inayofuata. Ikiwa ni jina, kama `aina Matatu {`, hiyo ni klasi; ikiwa ni `=`, ni kigeu (jina linalohifadhi thamani).

Siri iko hapa: jina hilo lazima liwe mstari uleule. Hatutumii nuktamkato (;) kufunga sentensi, hivyo `aina` ikiwa peke yake, chini yake `nauli = 50`, ilisomwa kama klasi iitwayo nauli. Kila tokeni sasa hubeba alama ya "mstari mpya kabla yangu".