Buriani, Sista

Tumemzika Sista leo mchana. Wengi hapa Mwanza mlimjua kama mama wa kliniki ya afya ya akili. Kaka yangu alimwita "bosi" tu. Alikuwa mkuu wa kitengo, ila sindano ya kila mwezi ya wagonjwa alichoma mwenyewe, huku akiuliza dagaa wanauzwaje Mwaloni Kirumba. Usipotokea tarehe yako, anapiga simu. Usipopokea, anapanda daladala kukufuata.

Kaka alipougua, sisi tulijua njia mbili: mganga, au safari ndefu ya hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma. Sista alimkuta kaka kafungwa kamba uani. "Mfungueni kwanza, maelezo baadaye."

Msibani kaka ndiye aliyesimamia masufuria ya wali. Shangazi yetu, yule aliyeng'ang'ania mganga, kaongeza sahani.