Bloku ya 2L niliyoambiwa nikaiuze skrepa

Hapa Arua, Uganda, ukiweka chuma chenye kutu barazani, kila mpita njia ni injinia. Bloku yenyewe, yaani kiwiliwili cha injini chenye silinda, ni ya Toyota 2L, injini ya dizeli ya silinda nne, ilitolewa kwenye Hiace ya kaka yangu ikatupwa stoo, juu yake gunia, ndani hakuna hata tone la oili. Gunia likanyonya unyevu wa mvua zote na kuushusha kwenye silinda.

Fundi wa kwanza aliinama, akachungulia, akasema tukachonge tutie slivu (mikebe mipya ya chuma ndani ya silinda) zote nne. Hakugusa hata kwa kidole! Bei aliyotaja ilikaribia ya injini ya mtumba pale Kisekka, Kampala. Wa pili akashauri skrepa, yaani niiuze kama chuma chakavu. Nikawaambia asanteni wazee, nikafunga mlango.

Nilifungua kila kitu mpaka krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Pistoni tatu zilitoka, ya nne ikagoma katikati. Hapo jirani yangu, mtu wa kujua kila jambo, akaapa kwamba dawa ni soda. "Mwaga, lala, asubuhi utaisukuma kwa kidole." Akamwaga mwenyewe, chupa ya pili akainywa. Asubuhi tukakuta sisimizi wamepanga foleni kutoka ukutani hadi silinda ya nne, na pistoni iko palepale, ila sasa ni tamu. Nilipoteza muda mwingi nikiosha ile sharubati. Jirani akasema soda za siku hizi hazina nguvu.

Kilichosaidia ni asetoni ya duka la rangi, nusu kwa nusu na mafuta ya gia za otomatiki. Tikisa kwanza, maana hujitenga, na mvuta sigara akae mbali. Nikamwaga juu ya pistoni, nikafunika na nailoni, kila nikipita naongeza. Huku nikakwangua kutu na ule ukingo wa juu ya silinda, ambako ringi (pete za chuma zinazoizunguka pistoni) hazifiki. Pistoni ikipanda ikaukuta, ringi zinavunjika na kukwaruza ukuta. Kisha kipande cha mti mgumu kwa chini, na nyundo, polepole. Ilipolia "ko!" na kusogea unene wa ukucha, nilipiga kelele hadi mama watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi. Jirani mpaka leo anashikilia kwamba walioilegeza ni sisimizi.

Sasa mbinu ninayojivunia. Sina geji ya kupimia silinda. Nilichukua ringi ya juu, nikaitumbukiza kwenye silinda, nikaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, halafu nikapima mwanya kati ya ncha zake mbili kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Mara ya kwanza juu, pale ringi inapogeukia, kisha chini kabisa ambako hakuliki. Tofauti ya mianya ukiigawa kwa tatu na kidogo (ile pai ya darasani) unajua silinda imelika kiasi gani. Mianya yangu ilitofautiana milimita 0.15, yaani kipenyo kimepanuka kama 0.05 kwenye silinda ya milimita 92. Slivu za nini?

Kunoa hakukuwa kazi: honi ya kuazima (si ya kupiga, ni kifaa cha miguu mitatu yenye mawe ya kunolea silinda), drili ya mwendo mdogo, dizeli tele, panda shuka mpaka michirizi ikatizane. Anayekuambia usugue kwa msasa na kidole, juu chini, mkimbie. Mikwaruzo ya wima inapitisha oili juu na mgandamizo chini. Silinda ya nne ilibaki na vidoa vyeusi, lakini ukucha haukunasa, nikaviacha.

Kuosha, petroli weka kando. Inaacha unga wa mawe ndani ya michirizi, na unga huo unakula ringi. Maji ya moto, sabuni ya unga, brashi, kausha upesi na upake oili papo hapo, kwa sababu kutu mpya inakuja kabla hujamaliza chai. Nilifuta kwa kitambaa cha kanzu nyeupe iliyochakaa mpaka kikatoka cheupe. Usiulize mara ngapi.

Ringi na gasketi zilikuja kwa basi la Kampala, laki tatu na ushee pamoja na nauli ya mzigo. Honi ilinigharimu kuku. Hiace sasa inabeba abiria njia ya Koboko, na oili ya kwanza nimeshaimwaga mapema: nyeusi ya kawaida ya dizeli, nikaipitisha kwenye kitambaa, hakuna hata chembe ya chuma.