Hela ya moshi inaenda kusafisha hewa ya nani?

Kwenye nchi kama Marekani kuna hii ada wanayotozwa watu wanaojenga mitaa mipya, maduka makubwa na maghala, kwa ajili ya moshi wa magari yatakayoanza kuja pale wakishamaliza kujenga. Wengi hawaijui kabisa, na wachache wanaoijua kila siku wanabishana kama ni ada halali au ni uporaji tu wa serikali za mitaa. Mi naona ubishi huo umechelewa. Mahakama za kule zimeshaiangalia, mantiki yake inaeleweka, imepita. Kinachonikera ni kingine, hela ikishalipwa hakuna anayeifuatilia kujua imeenda kusafisha hewa ya nani.

Ngoja nieleze kidogo kwa wale ambao ndo wanaisikia leo. Duka lenyewe halina ekzosi, kweli, lakini ukilijenga pembeni ya mji na ukaweka parking ya magari 800 umeshaamua kwamba watu watakuja kwa gari, hata kama hukuandika popote. Ghala ndo usiseme, malori yanaingia na kutoka usiku na mchana. Kwa hiyo wazo ni kwamba aliyejenga achangie gharama ya uchafuzi huo mapema, kama anavyochangia barabara na mabomba ya maji.

Mfano unaotajwa sana ni wa bonde la San Joaquin kule California. Ni bonde refu la wakulima, limezungukwa na milima pande tatu, hewa chafu ikishaingia mle inakaa kama mvuke kwenye sufuria yenye mfuniko, na kwa miaka mingi limekuwa kwenye orodha ya sehemu zenye hewa mbaya kabisa Marekani. Mamlaka ya hewa ya bonde hilo, inayosimamia kaunti nane, ilipitisha Kanuni namba 9510 Desemba 2005 na ikaanza kutumika Machi 2006. Ukijenga nyumba 50 na kuendelea, au eneo la biashara kuanzia futi za mraba 2,000, au kiwanda chepesi kuanzia futi 25,000, unaingia kwenye kanuni. Unatakiwa upunguze theluthi moja ya oksidi za nitrojeni (gesi chafu zinazotoka injini ikichoma mafuta) na nusu ya chembechembe za PM10 (vumbi laini la hewani) ambazo mradi wako ungezalisha ukishaanza kutumika, hesabu ya miaka kumi. Unaweza kupunguza palepale kwenye mradi, mfano ukaweka njia za baiskeli, ukajenga karibu na usafiri wa umma, ukachanganya nyumba na maduka ili watu watembee. Kilichobaki unalipia kwa tani. Bei iliyoandikwa kwenye kanuni kuanzia 2008 ni dola 9,350 kwa tani ya oksidi za nitrojeni na dola 9,011 kwa tani ya PM10.

Sasa tupige hesabu ya kienyeji, sio fomula yao, nataka tu tuone ukubwa wa hela yenyewe. Chukua mtaa wa nyumba 300. Wataalamu wa usafiri Marekani huwa wanakadiria nyumba moja ya familia inazalisha kama safari tisa na nusu za gari kwa siku, ukijumlisha kwenda, kurudi, mgeni, mtu wa vifurushi, wote. Hapo ni safari 2,850. Tuseme kila moja ni kilomita 10, na gari linatoa gramu 0.3 za oksidi za nitrojeni kwa kilomita (magari mapya yako chini ya hapo, ya zamani yako juu sana). Kwa mwaka inakuja tani 3.1 hivi, miaka kumi tani 31, theluthi yake tani kumi na kitu, zidisha kwa 9,350 unapata kama dola 97,000. Gawa kwa nyumba 300. Ni kama dola 320 kwa nyumba.

Dola 320! Kwenye nyumba ya California! Mlango wa mbele unaweza kuzidi hapo. Na hiyo ndo hela iliyopelekwa mahakamani miaka na miaka.

Halafu angalia hapa. Kwenye hesabu hiyohiyo shusha gramu 0.3 iwe 0.1, yaani magari yawe masafi zaidi, mtaa unatoa tani moja kwa mwaka. Kanuni inasamehe miradi iliyo chini ya tani mbili za oksidi za nitrojeni na tani mbili za PM10 kwa mwaka, kwa hiyo kwa upande wa oksidi mtaa huo umeshatoka kwenye wavu. Kwa oksidi za nitrojeni sawa, hiyo ni habari njema. Lakini safari za magari bado ni zilezile 2,850 kwa siku, matairi yanasagika, breki zinatoa vumbi, na hilo halipungui eti kwa sababu injini ni ya kisasa, hata gari la umeme lina matairi, tena lenyewe ni zito. Ada iliyofungwa kwenye moshi wa ekzosi itaendelea kupungua yenyewe huku msongamano ukiongezeka, na mtu akiangalia takwimu atasema tumeshinda.

Kesi nazipitia haraka. Wajenzi walisema kwanza hii ni kodi imevaa koti la ada, mahakama ya rufaa ya California 2009 ikawakatalia. Chama cha kitaifa cha wajenzi wa nyumba kikaenda mahakama za serikali kuu na hoja kwamba kanuni inagusa pia moshi wa mashine za ujenzi, na viwango vya moshi huo ni kazi ya serikali kuu, Desemba 2010 mahakama ya rufaa ya serikali kuu kwa majimbo ya magharibi (wanaiita mzunguko wa tisa) ikasema hapana, sheria yenyewe ya hewa safi inaruhusu majimbo kuwa na mpango wa kuangalia vyanzo vya aina hii, yaani majengo yanayovuta magari, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza.

Turudi kwenye hela.

Mjenzi akilipa, mamlaka inaitumia kununua upunguzaji wa uchafuzi mahali pengine ambako ni rahisi. Injini za dizeli za pampu za umwagiliaji zinang'olewa zinawekwa za umeme, matrekta ya zamani yanabadilishwa, vitu kama hivyo. Kwa bei kwa tani ni biashara nzuri mno, injini moja chakavu ya dizeli inaweza kuwa inatoa uchafu kuliko mtaa mzima wa magari mapya. Na kwa ozoni (gesi inayowasha mapafu) hilo linafanya kazi vizuri tu, kwa sababu ozoni haitoki kwenye bomba, inatengenezwa hewani oksidi za nitrojeni zikikutana na mivuke mingine chini ya jua, na inasambaa bonde zima. Ukipunguza oksidi kwenye shamba lililo kilomita 80 bado wa mjini anapata nafuu kidogo. Hapo siwapingi.

Lakini uchafuzi wa barabarani una mambo mawili tofauti, na ada nyingi zinayachanganya. Kuna huo wa bonde zima. Na kuna ule wa palepale, dioksidi ya nitrojeni, masizi, chembe ndogo kabisa, ambazo ziko juu sana kando ya barabara na zinashuka kadiri unavyosogea, ukifika mita 150 mpaka 300 hivi zimekaribia kiwango cha kawaida cha eneo. Mtu anayekaa mita 20 kutoka kwenye barabara ambayo ghala jipya limeiongezea malori hapati chochote kutokana na pampu iliyobadilishwa shambani. Hapati hata kidogo! Kwenye daftari tani zimelingana, zimetoka huku zimeingia kule, ila kifua chake hakijui daftari.

Na kando ya barabara ndo kwenye madhara yenyewe. Ella Adoo-Kissi-Debrah aliishi Lewisham, London, karibu na barabara ya South Circular. Alikuwa na pumu kali, akawa anaingia na kutoka hospitalini, akafariki Februari 2013 akiwa na miaka 9. Desemba 2020, baada ya mama yake kuhangaika miaka yote hiyo, mchunguzi wa vifo aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha mwaka cha dioksidi ya nitrojeni kutoka mikrogramu 40 mpaka 10 kwa mita ya ujazo, robo ya kile cha mwanzo. Sasa mwambie mzazi wa mtoto kama huyo kwamba mradi umefidia tani zake wilaya nyingine.

Ndo maana kanuni ya maghala ya upande wa Los Angeles imenivutia zaidi. Mamlaka ya hewa ya eneo hilo, inaitwa South Coast, iliipitisha Mei 2021, ni Kanuni 2305, inahusu maghala kuanzia futi za mraba 100,000. Kwanza anayebanwa ni mwenye kuendesha ghala, na ni kila mwaka, kwa hiyo sio mjenzi anayelipa mara moja anatokomea. Kila ghala linapewa idadi ya pointi za kutafuta kulingana na malori yanayoingia na kutoka, unazipata ukinunua malori ya umeme, ukiweka chaja, ukiweka sola juu ya paa na kadhalika, na ukishindwa unalipa dola 1,000 kwa kila pointi. Na hela hiyo imepangwa irudi kwenye jamii zilizo karibu na maghala yaliyolipa. Hapo angalau kuna mtu alikaa akafikiria nani anavuta hewa ya wapi. Shida ni ileile ya ada zote, kama kulipa ni rahisi kuliko kubadilika watu watalipa, na mhasibu wa kampuni atafanya hesabu hiyo kabla hata chai haijapoa.

Uingereza wana namna yao, halmashauri inakubaliana na mjenzi chini ya kifungu cha 106 cha sheria ya mipango miji ya 1990, uchafuzi unapigiwa hesabu ya madhara kwa pauni, na London tangu 2021 mpango wa jiji unataka miradi isiongeze uchafuzi, ikishindikana kuna mahali inafikia kulipa fidia. Kizuri cha ile mikataba ni kwamba mara nyingi inataja hela ni ya kufanyia nini na mpaka lini, isipotumika inarudi kwa mjenzi. Kibaya, halmashauri isiyo na mtu wa kusimamia hewa inaweza kukaa nayo mpaka muda unaisha.

Kuna hoja moja ya wajenzi ambayo mi naikubali, ya kutozwa mara mbili. Safari ya kutoka nyumbani kwenda dukani ni moja, ila mtaa unahesabiwa na duka linahesabiwa. Na duka likifunguliwa karibu na watu linaweza kupunguza kilomita, wale waliokuwa wanaenda kilomita 15 sasa wanaenda mbili, lakini fomula inaona tu kwamba kuna duka jipya, leta hela. Hii inarekebishika, uwepo tu utashi wa kukaa na hesabu.

Na jipya la juzijuzi ni kesi ya Sheetz dhidi ya kaunti ya El Dorado, hukohuko California. Jamaa alitaka kuweka nyumba iliyotengenezwa tayari kiwandani kwenye kiwanja chake, akaambiwa alipe ada ya athari za magari dola 23,420. Sio ada ya moshi, ni ya barabara, lakini ukoo ni mmoja. Aprili 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote tisa, wakasema hata ada iliyopitishwa na baraza kama sheria ya jumla haikwepi mtihani ambao mahakama hiyohiyo iliuweka kwenye kesi za 1987 na 1994, yaani lazima iwe na uhusiano na athari ya mradi, na kiasi chake kiendane nayo. Wajenzi walishangilia sana siku ile. Sasa mi nikawa najiuliza, kama ada lazima ihusiane na athari ya mradi huu, si ina maana mkazi wa kando ya barabara naye anaweza kusimama kwenye kikao cha halmashauri akauliza pampu ya kilomita 80 inahusianaje na lori linalopita dirishani kwake? Mi ningekuwa pale ningeuliza, halafu ningeomba na daftari la matumizi, ukurasa kwa ukurasa.