Gari chini ya mkungu

Mabegi yalikuwa bado sebuleni na chai sijaimaliza, nikamwomba mama funguo za gari. Akacheka. "Mwanangu, lile si gari tena. Lile ni nyumba ya paka."

Ni Toyota Carina Ti ya 1998, otomatiki, niliyoinunua kwa jasho langu kabla ya kwenda Leicester, Uingereza, mwaka 2015. Niliiacha hapa nyumbani Chumbageni, Tanga, chini ya mti wa mkungu, nikamkabidhi binamu yangu kwa sharti moja: kila Jumamosi aiwashe dakika tano. Akawa ananitumia video. Injini inaunguruma, anazima, kwaheri dada. Mwaka wa pili video zikakoma. Sikuuliza, maana hela niliyokuwa nikimtumia nayo ilishakoma.

Basi nikaenda. Majani ya mkungu yamejaa kwenye kioo, matairi ya nyuma yamekaa kama chapati, chumvi ya bahari imekula kingo za milango. Nikaketi kwenye kiti, nikaingiza ufunguo.

"Toa mkono hapo!"

Alikuwa fundi wa jirani, mzee aliyekuwa akilihudumia tangu nilinunue. Nikashuka, nikamwamkia. "Marahaba. Umerudi salama, sasa unataka kuua injini?"

Akanieleza huku anafungua boneti. Injini ikilala miaka, oili yote hushuka chini, kuta za silinda zinabaki kavu, na kwa hewa yetu hii ya pwani pete za pistoni huanza kushika kutu. Ukipiga stata kwa nguvu, zinakwaruza. Akachomoa plagi zote nne, akamimina oili kidogo katika kila tundu, akaniambia nikale, tutaonana kesho. Nilikuwa nimezoea kule ambako fundi hulipwa kwa saa. Huyu aliondoka akiwa ameacha kazi ijifanye yenyewe.

Kesho yake akazungusha injini kwa mkono, spana kubwa kwenye puli ya chini. Ikazunguka taratibu. Akasema "alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu ambaye hakuwa na uhakika.

Betri hatukuhangaika nayo. Betri nzima iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma karibu volti 12.6. Ile ilisoma 3 na ushee. Vijana wa mtaani walishajikusanya wakitaka kusukuma, fundi akawatawanya: otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, kwa sababu pampu inayopeleka oili kwenye giaboksi inaendeshwa na injini yenyewe. Injini imezima, gia hazishiki, mtasukuma mpaka Pongwe, huko pembezoni mwa jiji. Na kubusti kwa betri ya gari jingine je? Akasema betri iliyofikia hapo, bamba zake za risasi zimeshagandwa na utando mgumu. Utaliwasha, ukizima umerudi palepale. Tukanunua mpya, ya saizi ya NS60.

Binamu yangu alipofika tukamwekea kiti. Nilikuwa nimejiandaa kumlaumu kwa kuacha kuwasha. Fundi akanikata kauli. Kumbe zile dakika tano ndizo zilizoimaliza betri. Stata inachota umeme mwingi kwa mara moja, na alteneta, inayochaji betri, kwa dakika tano za kuunguruma gari limesimama haiwezi kuurudisha. Injini haipati joto la kutosha, unyevu unabaki kwenye oili na kwenye ekzosi. Ama uliendeshe nusu saa, au uchomoe waya wa betri uliache lilale.

Binamu akanitazama. "Dada, si wewe uliyesema dakika tano?"

Ni mimi. Nikamwongezea chai.

Tukapiga stata. Inazunguka vizuri, haishiki. Fundi akanusa tangi, akaniita ninuse: harufu ya vanishi. Petroli ikikaa muda mrefu, sehemu yake nyepesi huruka na inayobaki hugeuka utomvu. Tukaimwaga, ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, tukaweka lita 10 mpya. Bado.

Hapo ndipo nilipompenda huyu mzee upya. Toyota nyingi za miaka ya 90 zina kiboksi cheusi chini ya boneti chenye vitundu vya kupimia. Akakata kipande cha waya, akaunganisha kitundu cha +B, kinachotoa umeme, na cha FP, cha pampu, ufunguo ukiwa umewashwa. Kwa njia hiyo pampu ya mafuta inatakiwa kunguruma bila kupiga stata. Binamu akaweka sikio kwenye kiti cha nyuma. Kimya.

Tukanyanyua kiti. Panya! Wamejenga kwa sponji ya kiti, kanga kuukuu ya mama na maganda ya kungu, na katikati ya kiota waya wa pampu umetafunwa mpaka shaba inaonekana. Mama alisimama mlangoni akiulizia kanga yake tu. Paka, kwa taarifa yenu, alikuwa amelala juu ya bati la gari muda wote.

Waya ukaungwa, pampu ikanguruma. Mara ya tatu injini ikashika, ikatoa moshi wa buluu wa ile oili ya juzi, majirani wakapiga vigelegele kama tumetoa posa. Niliposogeza gari, breki za nyuma zilizogandana na kutu zikaachia kwa mlio uliomkimbiza paka.

Matairi yana namba 2214 ubavuni, yaani yametengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2014. Fundi amenikataza kuvuka Pongwe kabla ya kuyabadilisha, pamoja na mkanda wa taimingi. Lakini mama alishavaa, anataka kupelekwa Ngamiani. Nikaenda polepole, vioo havishuki, jasho linatutiririka. Kwenye mzunguko dereva wa bajaji akatupigia kelele, "Anti, gari linafuka moshi!"

"Linakohoa tu," mama akamjibu. "Limelala sana."