Safari Rally ya Pasaka, 1974
Wakati wa Pasaka ya mwaka 1974, mvua kubwa ilipogeuza barabara za Kenya kuwa matope matupu, nilisimama na baba mdogo kando ya njia tukiyatazama magari ya Safari Rally, mengine yakiwa yamejaa tope hata namba za milangoni hazisomeki, huku msoma ramani mmoja akitoa mkono dirishani kufuta kioo. Joginder Singh, mshindi wa mwaka 1965 kwa Volvo, alishinda tena, safari hii kwa Mitsubishi Lancer ndogo. Kwangu mimi, na nasema hivi kwa heshima kwa madereva wa leo, hakuna kipimo kikali kuliko maelfu ya kilomita, usiku na mchana, katika barabara zilizobaki wazi kwa malori, mabasi na ng'ombe.