Dhahabu haimo kwenye manjano

Alhamisi usiku

Wiki hii nzima akili yangu iko kwenye majina mawili ya maharusi. Ni kadi za mchango, zile za kuwaomba ndugu na marafiki wachangie harusi. Wa Dar es Salaam mnazijua: zinatangulia kwa WhatsApp, za karatasi zinafuata baadaye, na majina lazima yawe ya dhahabu. Kabla sijaanza, mama wa bibi harusi alinitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, mimi nataka dhahabu hasa. Usiniwekee manjano." Nikamjibu, "Shikamoo mama, nimekuelewa." Na kweli nilimwelewa, kwa sababu ombi lake ndilo kiini cha kazi yenyewe.

Ile rangi inayoitwa dhahabu kwenye orodha za rangi za kompyuta ni nyekundu 255, kijani 215, bluu 0, kila moja kwa kipimo cha 0 hadi 255. Ijaze kwenye herufi uone: manjano yaliyokolea, bapa, basi. Metali iliyosuguliwa haina rangi moja ya kujaza. Unapotazama pete, unachokiona ni dirisha, ni dari, ni shati lako mwenyewe, vyote vimepindwa na umbo la pete. Ndiyo maana mwanga mkali na giza totoro vinakaa bega kwa bega juu yake. Mtu asiyeamini achukue kijiko cha stenlesi akiweke karibu na dirisha: weupe wa anga, mstari mweusi mwembamba, kisha rangi ya meza, na mipaka kati yake ni mikali. Wachoraji wa Marekani waliokuwa wakichora kromu, metali inayong'aa kama kioo, kwa brashi ya hewa miaka ya 1970 na 1980 walilijua hili vizuri. Juu walipaka bluu ya anga, katikati mstari wa giza wa upeo wa macho, chini kahawia ya jangwa, na jicho likakubali kwamba ni chuma.

Mimi natumia GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Matoleo yake ya zamani yalikuwa na skripti, yaani amri zilizoandikwa tayari, za kutengeneza nembo, mojawapo ikiitwa Chrome: unaandika neno, unabonyeza, linatoka liking'aa. Lakini kila neno linapata mng'ao uleule, na mimi naamini jina la mtu linastahili kutazamwa herufi kwa herufi.

Kwa hiyo naanza na maandishi meupe juu ya weusi. Nayatia ukungu kidogo ili kingo ziteremke taratibu, kisha naleta kichujio cha kuinua, ambacho husoma weupe kuwa kilele na weusi kuwa bonde, na kumulika kutoka upande ninaouchagua. Mimi huchagua juu kushoto. Hapo herufi imeshainuka, ila bado ni kijivu laini kisicho na uhai. Metali inazaliwa kwenye mstari wa toni, ule unaoamua kila kiwango cha mwanga au giza kwenye picha kigeuke kuwa kipi. Badala ya kuuacha umenyooka, nauvuta uende juu, ushuke, uende juu tena, ushuke tena. Toni zilizokuwa jirani zinaachana ghafla, moja inakuwa nyeupe na ya pembeni yake nyeusi, na mikanda ya mwanga inajitokeza ikifuata mwili wa herufi. Hatua hii sijaizoea mpaka leo. Kila mara nafurahi upya.

Hapa kuna jambo ambalo mafunzo mengi ya mtandaoni yanalipita. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu za toni kwa kila rangi. Ukiuvuta mstari kwa nguvu namna hiyo, ngazi zinaonekana kwa macho, mng'ao unakatika vipande vipande. Biti 16 zinatoa ngazi 65,536. Badilisha picha iwe ya biti 16 kabla ya kutia ukungu, si baada.

Rangi inakuja mwisho kabisa. Dhahabu humeza sehemu kubwa ya mwanga wa bluu na kurudisha mwekundu na wa manjano, hivyo hata mng'ao wake wenyewe una rangi. Plastiki ya manjano haiko hivyo: juu yake taa inabaki nyeupe. Ukiweka weupe mtupu juu ya manjano umetengeneza plastiki, hata kivuli kiwe kizuri namna gani. Sehemu za mwanga nazipa weupe wenye manjano kidogo, za kati kahawia ya asali, na vivuli kahawia iliyokaribia weusi. Nyeusi tupu naiepuka.

Halafu nakaa na herufi. M na H zina kingo zilizonyooka, kwa hiyo upande mmoja unawaka wote na wa pili unazima wote. S ndiyo tamu, mwanga unatembea juu yake kona hadi kona. Fonti nyembamba za mwandiko wa mkono, ambazo maharusi wengi wanazipenda, hazina nafasi ya kubeba mikanda hiyo, na WhatsApp ikishaibana picha hubaki ukungu wa kahawia. Nimewashauri wachague fonti nene, wamekubali.

Leo mchana wameomba herufi moja ya jina la bwana harusi ibadilishwe. Zamani hilo lilimaanisha kuurudia mng'ao wote. Photoshop ililitatua hili tangu toleo la 5.0, mwaka 1998, athari za tabaka (kivuli, mwinuko na mng'ao wa safu moja ya picha) zilipokaa juu ya maandishi ambayo bado yanaweza kuhaririwa. GIMP 3.0, iliyotoka Machi 2025, nayo sasa inaacha vichujio vingi vikae juu ya tabaka bila kuliharibu. Nimebadilisha herufi, mng'ao ukaifuata.

Imebaki kadi ya karatasi. Wino wa rangi nne wa uchapaji wa kawaida hauwezi kung'aa kama metali, na ule unaoitwa wino wa dhahabu kwa kawaida ni unga wa shaba na zinki. Mama nimemshauri foili, utando mwembamba unaong'aa kama metali, unaogandishwa kwenye karatasi kwa joto. Kwa foili, mchapaji hataki kivuli wala mkanda wa mwanga. Anataka umbo la herufi kwa weusi mtupu, maana taa za ukumbini zitafanya zenyewe kazi niliyoifanya wiki nzima. Faili hilo naliandaa kesho asubuhi.