Pampu ya tangi la ziada ilivyoacha kukatakata
Ndege niliyoijenga mwenyewe hapa Moshi ina tangi la ziada la lita 40 nyuma ya viti. Mchana wa jua kali pampu ya kuhamishia mafuta yake kwenye tangi kuu ilinguruma, lakini mafuta yalikatakata. Ilikuwa imefungwa juu ya tangi, ikivuta. Petroli ya moto ikivutwa hugeuka mvuke, na kadiri unavyopaa ndivyo inavyozidi. Nikaishusha chini ya tangi ili isukume, chujio kabla yake, vali ya njia moja (inayozuia mafuta kurudi) mbele. Sasa mafuta yanatiririka vizuri kuingia tangi kuu. Ila usiwashe pampu kabla tangi kuu halijapata nafasi: mafuta yatamwagika nje kupitia bomba la hewa. Petroli hiyo ni kilo 29 hivi, kwa hiyo nilikokotoa upya kitovu cha uzito (mahali ndege inaposawazika), tangi likijaa na likiwa tupu.